Chainizi ina mabaka? Usikimbilie Urea

Jana nilikuwa Igombe kwa mama mmoja analima chainizi na figiri karibu kabisa na ziwa, hata sijatua begi kaniambia "mwanangu, mboga zangu zimekuwa madoadoa kama kanga". Kashaweka Urea mara mbili, na duka la pembejeo likamuuzia na dawa ya ukungu juu. Hela imeenda, mboga ziko vilevile. Hii inaniuma sana maana nakutana nayo kila mara.

Nikachuma jani changa nikaliinua juani. Jaribu na wewe, utaona mishipa imepauka, kuna visiwa vya kijani kilichokolea vimezungukwa na kijani mpauko, na jani lenyewe limejikunjakunja. Mboga ikikosa naitrojeni, ndo kirutubisho kilichomo kwenye Urea, inaanza na majani ya chini, jani zima linakuwa njano, visiwa hakuna. Hapa ni machanga ndo yanaumwa, kwa hiyo mi nikahisi virusi moja kwa moja.

Virusi gani sasa? Hapo macho hayasaidii tena. Kwenye jamii ya kabichi kuna mozaiki ya tanipu (TuMV) na mozaiki ya koliflawa (CaMV), dalili zao zinafanana, zote zinaenezwa na vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, na unaweza kuzikuta mmea mmoja. Ila TuMV ni kama kiuzi kinachopinda, urefu nanomita 720 hivi, na vinasaba vyake ni RNA, wakati CaMV ni kiduara cha nanomita 50 hivi chenye vinasaba vya DNA. Ndo maana ukiweka sampuli kwenye PCR, kipimo cha maabara kinachonakili DNA, bila kuigeuza RNA kuwa DNA kwanza, TuMV haionekani kabisa, utamwambia mkulima hana kumbe anayo. Mi naanza na ELISA, kipimo kinachonasa virusi kwa kingamwili, nasaga jani kwenye bafa (kimiminika maalum cha maabara), naweka kwenye vishimo vya sahani yenye kingamwili za kunasa virusi, mwisho wa safari kishimo chenye virusi kinageuka njano. Na lazima pembeni uweke jani la mmea mzima usioumwa, bila hilo njano yako haikuambii kitu.

Mama akaulizia sumu ya vidukari. Shida ni kwamba kidukari akidunga jani sekunde chache tu kashabeba TuMV, akirukia mche wa pili kashaiacha, sumu hata haijamuua. Tukang'oa zilizoumwa pamoja na magugu ya jamii ya haradali, na kitalu kipya atakiweka mbali na matuta haya, akifunike neti.

Sampuli ziko kwenye friji, kesho asubuhi nazisaga.