Picha inayocheza kwenye simu ni kitu gani hasa

Idi iliyopita tupo barazani Mikindani, shangazi kashika simu yangu anaangalia picha tulizotoka kupiga, kidole chake kikakaa sana kwenye kioo picha ya watoto ikaanza kutembea na kelele juu, akashtuka, "we mtoto, simu yako imeingia wadudu!"

Haijaingia wadudu shangazi. Hiyo ndo picha inayocheza. iPhone wanaiita Live Photos, ilikuja na iPhone 6s mwaka 2015, Samsung wakaileta kwenye Galaxy S7 mwaka 2016 wao wanaita Motion Photo, Google nao wakaweka kwenye Pixel 2 mwaka 2017. Majina tofauti ila kitu kilekile: unapiga picha kama kawaida, simu inakubandikia na kipande kifupi cha video, mara nyingi pamoja na sauti. Kwenye iPhone ni sekunde 1.5 kabla hujabonyeza na 1.5 baada ya kubonyeza, jumla kama sekunde 3 hivi.

Hapo kwenye "kabla" ndo watu wanashangaa, simu imejuaje kama nataka kubonyeza? Haijui chochote. Chukulia ndoo iliyojaa chini ya bomba, maji mapya yanaingia ya zamani yanamwagika, ndoo muda wote ina maji ya mwisho mwisho. Kamera ukishaifungua na hiyo kitu iko on inafanya hivyohivyo, inachukua na kutupa, inachukua na kutupa, ukibonyeza ndo inaacha kutupa, inabaki na kile kidogo cha nyuma afu inaongezea cha mbele.

Na kwa picha za familia mimi naona utamu wote uko kwenye hiyo kabla. Bibi yangu ukimwambia nakupiga picha ananuna kama yupo kwenye foleni ya kitambulisho, mikono magotini, macho mbele, hana mchezo. Picha zake zote ziko hivyo. Sasa kuna moja nilimpiga anabangua korosho, ile picha yenyewe kanuna kama kawaida yake lakini ukiishikilia unamuona sekunde moja kabla anacheka kabisa, anamfukuza kuku, na sauti yake ipo. Sauti ya bibi mwenyewe jamani, picha ya studio haikupi hiyo.

Faida nyingine, mtoto akifumba macho sio lazima urudie. Unaingia kwenye kuhariri, unavuta taratibu mpaka pale alipofumbua, unaiweka hiyo iwe ndo picha kuu. Ubora unaweza kupungua kidogo maana hivyo vipande vya video havina ukali wa ile picha yenyewe, kwa kuangalia kwenye simu sidhani kama utaona tofauti, ukitaka kusafisha kubwa ya ukutani ndo utaona. Na kwenye karatasi haichezi bwana, nishaulizwa hilo.

Kosa la watu wengi ni kushusha mkono haraka. Unabonyeza tu mkono chini, matokeo yake nusu ya kipande ni mchanga wa Shangani na ndala zako. Bonyeza, kaa, hesabu moja mbili, ndo ushushe.

Kuiwasha ni juu ya kamera, iPhone ni alama ya viduara, Samsung ni kimraba chenye pembetatu ya kuplei. Simu zingine za Android zinayo zingine hazina. Ila usiiache on kila saa, inakula nafasi karibu mara mbili ya picha ya kawaida, ukiwa unapiga risiti ya mnada wa korosho au cheti cha mtoto izime, risiti haina cha kucheza. Na ukiituma kwa mtu mara nyingi inafika imekufa, imeganda, hasa mkiwa na simu tofauti, kwa hiyo ihifadhi kwanza kama video ndo utume.

Jambo la kuangalia sana ni sauti. Watu wanaona ni picha kwa hiyo wanaendelea kuongea. Siku moja tunapiga picha ya pamoja kwenye ngoma ya mwali kutoka, nje pale uwanjani, watu wamejipanga, huku nyuma shangazi huyuhuyu anamsema mtu na sare yake, nikamrushia binamu simu kwa simu, iPhone kwa iPhone inafika nzima na sauti yake. Ukienda kuhariri kuna alama ya spika, ukiibonyeza sauti inazima picha inabaki inacheza kimya. Nimeshaizima ile ya kwangu. Ya binamu bado inaongea.