Kiti cha bunduki cha Maputo: yanayosemwa na ukweli wake

Mtu akiona picha ya kiti kilichoundwa kwa bunduki, mara nyingi husema ni vyuma chakavu tu, fundi kaviokota akavichomelea. Kile cha msanii Kester wa Maputo (jina lake Cristóvão Canhavato), alichokiunda mwaka 2001 na sasa kiko British Museum, jumba la makumbusho la London, hakina chuma cha kuokotwa. Zile ni silaha zilizobaki mikononi mwa watu na mafichoni baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Msumbiji, vilivyoanza 1977 na kwisha 1992. Zilikusanywa na mradi wa kugeuza silaha kuwa majembe, ambao Baraza la Kikristo la nchi hiyo liliuanzisha mwaka 1995 kwa juhudi za Askofu Dinis Sengulane. Zilikatwakatwa kwanza zisifyatue tena, ndipo vipande vikawafikia wasanii.

Wengine hudhani wenye bunduki walilipwa fedha. La. Walipewa majembe, baiskeli, cherehani, mabati. Kijiji kimoja kilichokusanya silaha kwa pamoja kilipata trekta. Huo kwangu ndio ufundi mkubwa kuliko hata kiti chenyewe. Fedha taslimu huweza kurudi kununua bunduki nyingine, ila mwenye cherehani huanza kushona kesho yake.

Dhana inayoniuma ni ile ya "Waafrika na silaha zao". Hebu kikague kiti kipande kwa kipande. Mgongo ni bunduki za G3 za Wareno, waliotawala Msumbiji hadi 1975. Pembeni kuna AK-47 ya Kisovyeti. Pa kukalia pana vyuma vya bunduki za Poland na Czechoslovakia, na mguu mmoja wa mbele ni mtutu uliotoka Korea Kaskazini. Hakuna hata kipande kimoja kilichotengenezwa Afrika. Walioumizwa walikuwa wa hapa, viwanda vilikuwa ng'ambo.

Halafu kuna wanaosema sanaa hii inatukuza silaha. Kester ana jamaa wawili waliopoteza mguu katika vita hivyo, mmoja kwa kukanyaga bomu la ardhini. Mtu wa namna hiyo haipambi bunduki. Ameipa umbo la kiti cha mkuu, chenye mgongo mrefu na mikono miwili, kama vile viti vya enzi vya Lamu na Unguja, mahali anapokaa mtu wa kusikilizwa, siyo wa kuogopwa.

Na ukisogea karibu utaona kule juu, kwenye vitako vya zile G3, nyuso mbili zinazotabasamu. Kester hakuzichonga. Macho ni matundu ya skrubu, mdomo ni upenyo wa kupitishia mkanda wa begani. Alizikuta hivyo, akaziweka pale kichwa kinapoegemea.