Ufikivu wa usafiri: kubebwa na makanga si ufikivu

Neno "ufikivu" limeshika kasi Nairobi. Barabara ikizinduliwa, tunaambiwa ufikivu umeboreshwa. Steji ikiezekwa paa, ni ufikivu. Makanga, yaani kondakta wa matatu, akipigwa picha amemkumbatia mzee kumpandisha garini, picha inazunguka kwenye simu zetu na maneno chini yake kwamba hata matatu siku hizi zina ufikivu. Hili la mwisho ndilo limenikalisha chini niandike, kwa sababu nimelisikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu, baadhi yao wakiwa watetezi wa haki za watu wenye ulemavu.

Maana yenyewe ni fupi. Usafiri unafikika pale mtu anapoweza kutoka mlangoni kwake, kufika anakokwenda na kurudi, kwa nauli anayoimudu, kwa muda usiommalizia siku, akiwa salama, na bila kuomba fadhila ya mtu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuufikia usafiri wa umma. Kifungu cha 57 kinawazungumzia wazee, na kwa Katiba hiyo mzee ni aliyetimiza miaka 60. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilishawataka wenye magari ya abiria wayarekebishe ili yawafae watu hao, na mwaka 2025 ikaja sheria mpya. Dhana si ngeni kwetu, basi.

Kinachorukwa ni kile kipande cha mwisho: bila kuomba fadhila.

Simama steji ya Githurai asubuhi uutazame mlango wa matatu ya abiria 33. Kidato cha kwanza cha kupandia kiko juu, nyanya mfupi hukifikia kwa kuinua goti hadi karibu na tumbo. Ukishapanda, unageuka ghafla kuingia ujia ambao mtu mnene huupita kwa ubavu. Nyanya anayekwenda kliniki ya presha Hospitali ya Kenyatta ana mkoba wa dawa na kadi mkono mmoja, fimbo mkono wa pili, na hana mkono wa tatu wa kushika chuma cha mlangoni. Makanga mwema atapokea fimbo, agonge bodi dereva asing'oe gari, aseme, "Pole pole shosho, usijali," kisha amshike kwapani na kumwinua. Makanga wa namna hii wapo, wengi tu, na nawashukuru kwa dhati. Lakini saa kumi na moja na nusu jioni, nyanya huyo akitaka kurudi nyumbani, makanga yuleyule humwambia, "Shosho, ngojea inayofuata." Na wa inayofuata humwambia vivyo hivyo.

Roho ya makanga haikugeuka kati ya asubuhi na jioni. Kilichogeuka ni hesabu. Matatu nyingi za Nairobi huendeshwa hivi: mwenye gari anataka kiasi fulani cha pesa kila siku, mafuta yanatoka humohumo, na kinachobaki ndicho mshahara wa dereva na makanga. Unga wa nyumbani kwao unategemea wamepiga raundi ngapi. Jioni steji imefurika watu, kila dakika ina bei. Abiria anayechukua dakika mbili kupanda anawapunguzia raundi. Mwenye kiti cha magurudumu anawapunguzia zaidi, kwa kuwa kiti lazima kikunjwe na kutafutiwa mahali, na hapo mahali pangekaa mtu wa kulipa. Ndipo huyo abiria anapotozwa nauli ya pili kwa ajili ya kiti chake, kana kwamba kiti ni gunia la viazi la kupeleka sokoni, au anapoachwa amekaa kando ya barabara akihesabu magari.

Ukimhubiria makanga juu ya huruma bila kuugusa mpango huo wa malipo, unamwomba amsaidie mzee kwa pesa za mfuko wake mwenyewe, jioni baada ya jioni. Wachache wataweza. Kwa hiyo sikubali picha ya mtu kubebwa iitwe ushahidi wa ufikivu. Inaonyesha kwamba ufikivu haukuwepo na mtu mmoja akaziba pengo hilo kwa mgongo wake. Kesho makanga huyo akiwa mgonjwa, au gari likiwa na makanga mwingine, pengo liko palepale.

Kuna jambo lingine ambalo wanaozisambaza picha hizo hawalioni. Kubebwa ni kushikwa mwili na mtu usiyemjua, mbele ya watu. Mwanamke mwenye magongo anayenyanyuliwa kiunoni na kijana wa steji ana haki ya kusema hapana, na wapo wanaosema hapana kwa kubaki nyumbani. Wakibaki nyumbani, hatuwaoni garini, kisha tunaambiwa gari halihitaji kurekebishwa kwa kuwa abiria wa aina hiyo ni wachache mno.

Msaada pia una bei. Tuchukue nauli za mfano: shilingi 80 kuingia mjini, na 50 kutoka mjini hadi hospitali. Kwenda na kurudi ni 260. Lakini nyanya yetu hawezi kukipanda kile kidato peke yake, kwa hiyo mjukuu anamsindikiza, na sasa ni 520. Mpango wa serikali wa Inua Jamii humpa mzee aliyetimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Safari moja ya kliniki imekula zaidi ya robo yake, na bado hatujahesabu kibarua alichokosa mjukuu siku hiyo. Mvua ikinyesha jioni, nauli ya kurudi hupanda, wakati mwingine mara mbili, kwa kuwa bei hupangwa palepale mlangoni kulingana na wingi wa watu. Hapa umaskini, uzee na ulemavu vinakutana kwenye kidato kimoja cha chuma. Kidato kikishushwa, mjukuu anaenda kazini na nusu ya nauli inabaki mfukoni. Wanaosema ufikivu ni gharama kubwa huwa hawaiweki gharama hii kwenye hesabu zao, kwa sababu haimo kwenye vitabu vya serikali wala vya mwenye gari. Inalipwa na jamaa nyumbani, kimya kimya.

Nao wasioona na viziwi huguswa na mambo mengine kabisa. Kelele za steji ambazo wengi hutaka zizimwe, ule wito wa "Githurai, Githurai, themanini", ndizo ramani ya mtu asiyeona: kwa sauti anajua gari gani liko wapi, linaelekea wapi na kwa bei gani. Steji ikinyamazishwa na vibao vya maandishi kuwekwa badala yake, kiziwi amepata na asiyeona amepoteza. Kiziwi naye, makanga akitangaza kwa mdomo kwamba gari linageuzia Ngara kwa sababu ya msongamano, hugundua tayari yuko kusikojulikana. Abiria hawa wawili hawapingani hata kidogo. Wanahitaji sauti na maandishi kwa pamoja, na hakuna kati ya hivyo kinachohitaji teknolojia ya ajabu.

Kosa la pili, ambalo nitalipitia haraka, ni kuchanganya ufikivu na mwendo wa magari. Barabara ya Expressway iliyofunguliwa mwaka 2022 ina kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na mwenye gari akilipa ada hufika upesi sana. Bodaboda na waendao kwa miguu hawaruhusiwi kuipita. Tusione ajabu, ilijengwa kwa kazi hiyo. Ila uchunguzi wa usafiri wa Nairobi umekuwa ukionyesha kwamba takriban safari nne kati ya kumi hufanywa kwa miguu, na watu hao wanaotoka Mukuru kwenda Industrial Area, au Kibera kwenda mjini, wanahitaji ukingo wa barabara usio na shimo lililokosa kifuniko, usioegeshwa gari na usioishia ghafla kwenye mtaro. Kaunti ya Nairobi ilijiwekea sera mwaka 2015 ya kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa ajili ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Mtu akitaka kujua ufikivu umefika wapi, aanzie hapo, kwa sababu hata abiria wa matatu huanza na kumaliza safari kwa miguu. Barabara ya Thika ilipopanuliwa na kukamilika 2012, mwendo wa magari uliongezeka. Mtu wa magongo aliyekuwa akivuka kwenda dukani sasa hulazimika kupanda daraja lipitalo juu ya njia zote za magari, kisha ateremke upande wa pili.

Njia ya kutoka inajulikana. Ndani ya mpango wa mabasi ya mwendo kasi, wenye mistari mitano iliyoitwa Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati, kuna wazo moja ambalo lafaa litetewe hata kama mengine yatabadilika: jukwaa la kituo liwe sawa na sakafu ya basi. Jukwaa halijali ni saa ngapi wala nani yuko zamu. Mwenye kiti cha magurudumu anaingia mwenyewe, na mama mwenye mtoto kwenye kigari anaingia nyuma yake. Wazo la pili ni mwendeshaji alipwe kwa kilomita alizopiga na huduma aliyotoa, ili abiria wa dakika mbili asiwe hasara kwa mtu yeyote. Mamlaka ya usafiri ya eneo la jiji, NAMATA, iliundwa ikivuka mipaka ya kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Hilo lina maana kubwa kwa Githurai, ambako upande uitwao Githurai 44 uko Nairobi na ule uitwao Githurai 45 uko Kiambu, na mzee anayevuka kwenda kliniki hana haja ya kujua ukingo ulioharibika ni wa kaunti ipi.

Sasa ombi langu kwa wanaoandika na kuhutubia. Gari lenye kiti cha mbele kilichotengewa wazee lina kiti cha wazee, na ni jambo jema, liandikeni hivyo. Makanga anayemwinua nyanya amefanya wema, asifiwe kwa wema wake. Steji yenye paa inakinga mvua. Neno ufikivu liwekeni akiba kwa siku ile nyanya atakapotoka Githurai akiwa na mkoba, fimbo na nauli aliyoizoea, aende kliniki na kurudi jioni, na mjukuu awe kazini.