Tanga halikuwa na kosa, ndubi ndiyo iliyoniangusha

Ngalawa ikishindwa, pwani nzima hulaumu tanga. Nami nililaumu langu, nikalifumua na kulishona upya, hadi mashindano ya siku ya Idi nilipoachwa vibaya na ngalawa niliyoiunda mwenyewe na kumuuzia mjomba wangu. Tezo ile ile ya kuchongea, miembe ya shamba moja. Tulitoka Shangani, hapa Mtwara, kwenda Msangamkuu na kurudi. Msimu wa kusi, alasiri, kwenda huko ni kubisha tu, yaani kupanda mshazari dhidi ya upepo, na huko kwenye kubisha ndiko alikonipotea. Tulipofika pwani akaniambia, “Mpwa, umejiundia chombo kizuri cha kubebea samaki.”

Usiku nikaenda na tochi kukagua ngalawa yake. Alikuwa amefungua kamba za ndubi, akapachika kabari ndogo ya mti kati ya ndubi na nguzo yake ya mbele. Kichwa cha ndubi kimeinuka vidole viwili. Basi.

Kwa asiyeijua, ndubi ni ule ubao wa pembeni unaogusa maji, mmoja kila upande. Wengi hudhani kazi yake ni kuzuia ngalawa isipinduke. Ni kweli, lakini ni nusu ya kazi. Gogo la mwembe lina tumbo la mviringo na halina mkuku wa maana, ule uti wa chini ya chombo, kwa hiyo ukienda joshi, karibu na upepo unakotoka, upepo unakusukuma ubavu. Kinachoshika maji ni ndubi ya upande wa chini, ule upepo unakoelekea. Ubao huo umelazwa mshazari: ukiinua kichwa kidogo, mwendo wenyewe unaubeba juu. Ukikiinamisha, kama nilivyofanya mimi, unachimba maji na kuvuta omo, kichwa cha chombo, upande mmoja, na mshika usukani anapigana nao njia nzima. Ukizidisha kuinua nako, unapiga makofi tu juu ya maji.

Nilielewa zaidi mgeni mmoja aliyetia nanga Mikindani aliponiachia Laser yake, mashua ndogo ya mashindano ya mtu mmoja, kwa asubuhi moja. Mita 4.23, kilo 59 bila tanga. Ngalawa yangu wanaume sita hawaibebi mbali. Laser katikati ina tundu la kuteremshia ubao. Niliupandisha nusu kwa makusudi, nikaanza kwenda ubavu kama kaa. Nikacheka peke yangu: ndubi hii hapa, wameiweka tumboni!

Uzito nao una mahali pake. Mdenmaki Paul Elvstrøm, aliyeshinda dhahabu nne za Olimpiki mfululizo, 1948 hadi 1960, alijizoeza nyumbani kuning’iniza mwili nje ya chombo. Vijana wangu hawajapata kumsikia, ila upepo ukikaza wanatambaa hadi mwisho wa miti ya upande wa juu, upepo unakotoka, ili ndubi ya chini isizame. Wakichelewa, kabari haikusaidii kitu.

Halafu kuna mwembe wenyewe, unaokunywa maji kama sifongo. Yangu huipandisha mchangani siku kadhaa kabla ya mashindano, nikaipaka sifa, yaani mafuta ya papa. Harufu yake mke wangu hajaizoea mpaka leo.

Sasa nimefunga kabari zangu, za mkoko. Jana mjomba alipita bandani, akaingiza mkono chini ya ndubi, akapapasa, akanyamaza. Kisha akaazima tezo yangu.