Fadhila na Dhabihu katika Imani ya Waazteki na Imani ya Kikristo

Wanapotajwa Waazteki, jambo la kwanza linalowajia watu wengi akilini ni kisu cha jiwe na moyo wa binadamu ulioinuliwa kuelekea jua, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Wapo pia wanaokwenda upande wa pili wakasema kwamba dini zote ni zile zile, kwa kuwa Waazteki walitoa watu dhabihu na Wakristo nao husema kwamba Mungu alimtoa Mwanawe. Sisi tunaofundisha masomo ya dini tunaona kwamba njia zote mbili humnyima msomaji jambo la maana zaidi. Waazteki walikuwa na mafundisho ya fadhila yaliyokaribiana sana na yale ya Kikristo, kiasi kwamba mapadre wa Kihispania walioyasikia walishangaa na kuyasifu. Hata hivyo, mafundisho hayo yalikuwa na mzizi mmoja na dhabihu zile zile zilizowatisha mapadre hao, na asiyeutazama mzizi huo hawezi kulinganisha imani hizi mbili kwa haki.

Watu tunaowaita Waazteki walijiita Mexica, na lugha yao ilikuwa Kinahuatl. Kwa mapokeo yao wenyewe, mji wao wa Tenochtitlan ulianzishwa mwaka 1325 juu ya kisiwa katika Ziwa Texcoco, mahali ulipo mji mkuu wa Mexico leo. Mji huo ulianguka tarehe 13 Agosti 1521 mbele ya jeshi la Mhispania Hernán Cortés, ambalo sehemu yake kubwa ilikuwa askari wenyeji, hasa watu wa Tlaxcala waliokuwa mahasimu wa Mexica kwa miaka mingi. Mengi tunayoyajua kuhusu imani yao yanatokana na kazi ya padre Mfransisko, Bernardino de Sahagún, aliyefika mwaka 1529. Akisaidiwa na vijana wenyeji waliosoma katika chuo cha Tlatelolco, aliwahoji wazee na kuandika maneno yao kwa Kinahuatl, hata zikapatikana sehemu 12 za kazi iliyokamilika miaka ya 1570. Sahagún alikuwa mmisionari aliyekusudia kuing'oa dini hiyo, na msomaji hana budi kulikumbuka hilo. Hata hivyo, aliwaacha wazee waseme kwa lugha yao, na uchimbaji wa kiakiolojia uliofanyika katika Hekalu Kuu la Tenochtitlan tangu mwaka 1978 umethibitisha mambo mengi waliyoyaeleza.

Kisa cha msingi ni kile cha kuzaliwa kwa jua. Wazee walisimulia kwamba miungu ilikutana gizani huko Teotihuacan ili ipatikane nafsi ya kujitupa motoni na kuwa jua. Wawili walijiandaa. Tecuciztecatl, aliyekuwa tajiri, alitoa manyoya ya thamani, dhahabu na miiba iliyotengenezwa kwa marijani. Nanahuatzin, aliyekuwa maskini mwenye mwili uliojaa vidonda, alitoa matete, nyasi na miiba iliyolowa damu yake mwenyewe, na badala ya ubani alichoma magamba ya vidonda vyake. Wakati ulipofika, tajiri aliukimbilia moto mara nne na mara zote akarudi nyuma, lakini maskini alifumba macho akaruka mara moja, naye ndiye aliyekuwa jua. Mkristo akisikia habari hii atamkumbuka mjane maskini wa Injili ya Marko, ambaye senti zake mbili zilihesabiwa kuwa nyingi kuliko matoleo ya matajiri, na kweli fadhila inayosifiwa katika visa vyote viwili ni ile ile. Lakini kisa cha Waazteki kinaendelea. Jua lilipochomoza lilibaki palepale likiyumba, halikwenda mbele, mpaka miungu mingine yote ilipokubali kufa ili lipate nguvu ya kutembea. Kisa kingine kinasema kwamba binadamu wenyewe walifanywa kutokana na mifupa iliyosagwa, ambayo mungu Quetzalcoatl aliitia damu ya mwili wake.

Binadamu, basi, alizaliwa akiwa na deni. Miungu ilikuwa imelipa kwanza, kwa damu, na dunia iliendelea kusimama kwa sababu malipo hayo yalikuwa yakirudishwa.

Malipo ya kawaida kabisa hayakuwa kuua mtu. Kila mtu, kuanzia mtawala hadi mkulima, alitoa damu yake mwenyewe kwa kujichoma masikioni, ulimini au miguuni, na chombo kilichotumika mara nyingi kilikuwa mwiba wa ncha ya jani la mmea wa jamii ya mkonge. Msomaji aliyewahi kupita katika mashamba ya mkonge ya Tanga au Kilifi anaijua ncha ile nyeusi, ngumu kama msumari. Na mkonge wetu wenyewe asili yake ni Mexico, ukaletwa Afrika Mashariki mwaka 1893 wakati wa utawala wa Wajerumani. Makuhani wa Tenochtitlan waliamka usiku, wakaoga maji baridi, wakajichoma, kisha wakaichomeka miiba yenye damu katika donge la nyasi zilizosukwa ili miungu ione kwamba deni linalipwa. Kufunga, kukesha, kufagia hekalu na kujinyima vyakula vitamu vilikuwa sehemu ya utaratibu huo huo, na mtoto aliyepelekwa shule alianza kuyazoea mambo haya mapema.

Dhabihu ya binadamu ilikuwa kilele cha mfumo huo, na haifai kuipunguzia uzito. Mfungwa wa vita alipanda ngazi za hekalu akalazwa juu ya jiwe, na kuhani akampasua kifua kwa kisu cha gumegume. Wazee walimweleza Sahagún kwamba askari aliyemteka mtu alimwita mateka wake mwanawe mpendwa, naye mateka akamwita mtekaji baba yake. Na baada ya ibada mtekaji hakuigusa nyama ya mateka iliyogawiwa kwa jamaa, akisema hawezi kujila mwenyewe. Katika sikukuu ya Toxcatl, kijana asiye na kasoro mwilini aliishi mwaka mzima kama mungu Tezcatlipoca: akapiga filimbi, akabeba maua, watu wakamwinamia njiani. Siku ya mwisho alizipanda ngazi kwa miguu yake, akivunja filimbi moja baada ya nyingine. Tunajua pia habari za watoto. Katika Hekalu Kuu yalipatikana mabaki ya watoto 42 waliotolewa kwa Tlaloc, mungu wa mvua, na wazee walisema kwamba machozi ya watoto njiani yalihesabiwa kuwa dalili njema ya mvua.

Kuhusu idadi, tahadhari inahitajika. Mwandishi mmoja wa karne ya 16 alitaja watu 80,400 katika uzinduzi wa Hekalu Kuu mwaka 1487, na wataalamu wengi hawaikubali hesabu hiyo, kwa kuwa hata kwa utendaji isingewezekana kwa siku 4. Upande wa pili, wanaosema kwamba Wahispania walizua habari zote nao wamekosea, kwa maana kuanzia mwaka 2015 wanaakiolojia wa Mexico wamefukua nyuma ya kanisa kuu la mji mkuu wa Mexico mabaki ya jukwaa la mafuvu lenye mafuvu zaidi ya 600, yakiwamo ya wanawake na watoto.

Mtu anayezijua ibada hizo peke yake hatazamii kukutana na wosia ambao baba Mwazteki alimpa mwanawe. Baba alimwambia kijana asilale kupita kiasi, asiseme kwa sauti ya juu wala ya chini mno, asivae mavazi ya kujionyesha wala matambara, asiharakishe njiani wala asikokote miguu, awaheshimu wakubwa, na asimdharau maskini. Mama alimwambia binti kwamba duniani tunatembea juu ya ukingo wa mlima, huku kuna shimo na kule kuna shimo, na usalama upo katikati tu. Walikuwa na msemo kwamba duniani kunateleza. Kwao fadhila ilikuwa uwezo wa kutembea bila kuanguka mahali penye utelezi, na kila anguko lilikuwa uharibifu ulioweza kumdhuru mtu, jamaa yake na mji mzima.

Mkristo anayejua mafundisho ya Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, atasikia hapa sauti isiyo ngeni kwake. Kanisa hufundisha fadhila kuu nne, yaani busara, haki, nguvu na kiasi, na Thoma, akimfuata mwanafalsafa Mgiriki Aristotle, alieleza kwamba fadhila za kiutu hukaa kati ya kuzidisha na kupunguza. Lakini juu ya hizo Kanisa huweka imani, matumaini na mapendo, ambazo huhesabiwa kuwa ni kipaji cha Mungu, na katika hizo hakuna kiasi cha katikati: hakuna anayeweza kumpenda Mungu kupita kiasi. Tofauti ya kwanza ya kweli ndiyo hii. Fadhila ya Mwazteki ilimlinda mtu asianguke, ilhali ile ya Mkristo inamvuta pia kuelekea kwa Mtu anayempenda.

Tofauti ya pili ni malipo ya baada ya kifo. Kwa Waazteki, mahali pa kwenda marehemu palitegemea zaidi namna alivyokufa kuliko alivyoishi. Askari aliyekufa vitani au kwenye jiwe la dhabihu alilisindikiza jua. Mwanamke aliyefariki akijifungua alipewa heshima ile ile, kwa kuwa uzazi wake ulihesabiwa kuwa vita. Aliyezama majini alikwenda kwa Tlaloc. Na wengi waliobaki walishuka Mictlan, yaani kuzimu, kwa safari ya miaka minne, wema kwa wabaya. Baba yule hakumuusia mwanawe ili aende peponi. Hili huwashangaza wanafunzi wetu Wakristo na Waislamu kwa pamoja, na ni vyema liwashangaze, maana linaonyesha kwamba watu wanaweza kushika maadili makali bila ahadi ya thawabu ya ahera.

Upande wa Ukristo, dhabihu ina historia ndefu iliyojaa ubishi wa ndani. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia jinsi Ibrahimu alivyozuiwa kumchinja Isaka. Manabii walikemea sadaka zisizo na haki. Zaburi ya 50 inamfanya Mungu aseme, "Kama ningekuwa na njaa singekuambia", na Zaburi ya 51 inaitaja roho iliyovunjika kuwa ndiyo dhabihu impendezayo. Waraka kwa Waebrania unatangaza kwamba mwili wa Yesu Kristo ulitolewa "mara moja tu", na kwamba baada ya hapo hakuna damu nyingine inayodaiwa. Wakristo wenyewe hawakubaliani juu ya maana ya jambo hilo katika ibada: Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1562 ulifundisha kwamba Misa ni dhabihu ile ile ya msalabani inayotolewa bila kumwaga damu, na Waprotestanti walilikataa fundisho hilo. Ila wote husoma Warumi sura ya 12, ambapo Paulo anawaomba waamini waitoe miili yao iwe "dhabihu iliyo hai". Mtakatifu Augustino alieleza kwamba dhabihu ya kweli ni kila tendo linalofanywa ili tuungane na Mungu, matendo ya huruma yakiwamo.

Tukiziweka imani hizi pamoja, tunaona kwamba zote mbili zinaanza na uungu uliojitoa kwanza kwa ajili ya watu. Zinaachana katika swali la kile kinachofuata. Jua la Waazteki lilikuwa na njaa, na mtu mwema alilisaidia liendelee na safari yake, kwa miiba yake mwenyewe na, ilipobidi, kwa moyo wa mwingine. Mungu wa Zaburi ya 50 hana njaa, hivyo shukrani ya binadamu haina mahali pa kwenda isipokuwa kwa jirani mwenye njaa. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye uzito kuliko hesabu ya mafuvu, na hapa pia ndipo Wakristo waliofika Mexico walipostahili kupimwa. Mwezi Mei 1520, wakati wa sikukuu ile ile ya Toxcatl, Pedro de Alvarado, naibu wa Cortés, na askari wake waliwafungia washerehekeaji wasio na silaha katika uwanja wa Hekalu Kuu na kuwaua.

Aliyeliona jambo hili kwa undani zaidi katika karne ile alikuwa askofu Mdominiko, Bartolomé de las Casas. Katika mjadala uliofanyika Valladolid, Hispania, mwaka 1550 na 1551, mwanazuoni Juan Ginés de Sepúlveda alidai kwamba dhabihu za binadamu zilihalalisha vita dhidi ya wenyeji. Las Casas hakuzitetea ibada hizo kuwa njema. Alisema kwamba akili ya kawaida humfundisha mtu kumtolea Mungu kilicho bora kabisa, na hakuna kilicho bora kuliko uhai. Hivyo watu hao walikosea kuhusu Mungu wa kweli, lakini walionyesha uchaji mkubwa. Ni hoja iliyohitaji ujasiri kuitamka mbele ya wanasheria na wanateolojia wa mfalme.

Wamisionari, kwa upande wao, walizigawa sehemu mbili ambazo kwa wenyeji zilikuwa kitu kimoja. Walivunja mahekalu, lakini wosia wa wazee waliuhifadhi, na mwaka 1600 Mfransisko Juan Bautista aliuchapisha kwa Kinahuatl, jina la Mungu wa Kikristo likiwa limewekwa mahali pa miungu ya zamani. Wenyeji nao walizipokea ibada mpya kwa mantiki yao. Hapo awali mtu aliweza kuungama mara moja tu maishani mbele ya kuhani wa Tlazolteotl, mungu wa kike wa uchafu na utakaso, na maungamo hayo yalimwepusha na adhabu ya sheria. Sahagún aliandika kwamba, baada ya kuja Ukristo, waliofanya zinaa au kuua walikimbilia nyumba za watawa, wakafagia na kutumika, wakaomba kitubio, kisha wakamsihi padre awaandikie karatasi yenye sahihi yake, wapate kumwonyesha hakimu kwamba deni lao limekwisha kulipwa.