Rampu hupimwa kabla ya msingi kuchimbwa

Tangu Kanuni ya Kitaifa ya Ujenzi ya Kenya ya 2024 ianze kutumika Machi 2025, na Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu kutiwa saini miezi miwili baadaye, sisi wa ofisi za mipango za kaunti tumekuwa tukiulizwa swali moja kwa sauti nyingi: "Jengo limekwisha, imebaki rampu tu. Niiweke wapi?" Jibu la kweli huwaudhi wengi. Nafasi ya rampu, yaani njia ya mteremko ya kupitia kiti cha magurudumu, ilipotea siku fundi alipoamua sakafu ikae juu kiasi gani, na siku hiyo hakuna aliyeuliza.

Hebu tufanye hesabu. Mwinuko unaokubalika ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kupanda hudai sentimita 12 za kwenda mbele. Sakafu iliyo juu ya njia kwa milimita 450, ambazo ni vidato vitatu vya kawaida, inahitaji rampu ya mita 5.4. Ongeza sehemu tambarare ya mita 1.5 chini na nyingine kama hiyo juu mlangoni, ili mtu asifungue mlango huku kiti kikirudi nyuma. Jumla ni mita 8.4. Sakafu ikiwa juu kwa milimita 600, unafika mita 10.2. Ikiwa juu kwa milimita 900, rampu yenyewe ni mita 10.8, na kwa kuwa mtu hapaswi kusukuma zaidi ya mita 9 bila kupumzika, inaongezeka sehemu tambarare ya katikati: mita 15.3. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 kina upana wa mbele wa takriban mita 15.2. Rampu iliyonyooka haiingii hata ukibomoa geti, na itabidi ikunjwe.

Ndiyo maana tunaona zile za mita moja na nusu, zege limemwagwa juu ya vidato vyenyewe na kupakwa rangi ya buluu yenye alama ya kiti cha magurudumu. Milimita 450 kwa mita 1.5 ni mwinuko wa karibu 1 kwa 3. Anayejisukuma mwenyewe akijaribu, magurudumu madogo ya mbele huinuka na kiti humwangusha chali. Anayesukumwa humchosha msukumaji, na kushuka ni hatari kuliko kupanda. Hiyo si rampu. Ni ya pikipiki, na kwa kweli pikipiki ndizo huzitumia.

Kwa nini watu huinua sakafu hivyo? Wengine kwa sababu halali: mafuriko, au udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha. Wengine, tuseme ukweli, kwa sababu nyumba yenye ngazi mbele inaonekana ya heshima. Penye hofu ya maji, dawa ni kuinua uwanja polepole kutoka getini kwa mwinuko wa 1 kwa 20 au mdogo zaidi, na kuelekeza maji kwenye mtaro kabla hayajafika mlangoni. Njia ya mwinuko huo kila mtu huipita bila kujua kwamba amepanda.

Kosa jingine dogo lakini la gharama ni mahali pa kuanzia kipimo. Fundi hupima kutoka ardhi aliyoikuta siku ya kwanza, na hupima hadi zege tupu. Baadaye sakafu inapigwa plasta na kuwekwa vigae, na inapanda kama milimita 50. Hizo pekee zinadai milimita 600 zaidi za rampu. Pima kutoka uso wa mwisho wa kabro (matofali yanayotandazwa uwanjani) hadi uso wa mwisho wa vigae, na viwango hivyo viwili viandikwe kwenye ramani. Ramani ikifika kwetu ina neno "rampu" na mshale, bila viwango, inarudi.

Kuikagua rampu hakuhitaji mhandisi. Chukua pima maji, kile kifaa cha fundi chenye povu linaloonyesha usawa, ya urefu wa mita 1.2, uilaze kwenye rampu kuelekea upande wa kupanda. Inua ncha ya chini hadi povu litulie katikati, kisha pima pengo kati ya ncha hiyo na zege. Pengo likiwa milimita 100 au pungufu, mwinuko ni sawa. Likizidi, usilipe kazi hiyo. Kisha igeuze pima maji ikate njia kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, maana rampu inayolalia upande mmoja humvuta mtu kwenye ukingo: kwa urefu huo huo pengo lisizidi milimita 24.

Upana uwe mita 1.2. Kando zote mbili kuwe na chuma cha kushikia, kimo cha milimita 850 hadi 950, kikipita mwanzo na mwisho wa rampu kwa milimita 300 ili asiyeona ajue mwinuko umeisha kabla mguu haujamwambia. Chini kwenye ukingo weka kizuizi cha milimita 75 hadi 100 kisichoruhusu gurudumu kuchungulia nje. Uso usiwe wa vigae vya kung'aa wala terazo; zege lipigwe ufagio likiwa bado bichi, mistari ikikata njia. Mfuniko wa mtaro ulioko chini ya rampu usiwe na matundu yanayozidi milimita 13. Ushauri wa ziada ambao hauko kwenye kanuni yoyote: tumia mifuniko ya zege, kwa sababu ya chuma huibwa ikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na shimo linalobaki ni baya kuliko ngazi. Vipimo ninavyotaja hapa ni vya kawaida katika fani hii. Mahali Kanuni inapodai zaidi, Kanuni ndiyo itakayofuatwa.

Kuna wanaodhani lifti huwaondolea wajibu. Lifti inayoanza baada ya vidato vitano haijamfikisha mtu popote. Wengine huweka rampu nyuma, kando ya mapipa ya taka, na mlango wake hufungwa kwa kufuli ambayo funguo zake anazo mlinzi wa zamu nyingine. Mlango wa wote uwe mmoja. Na wale wanaotuambia kwamba askari wa langoni watambeba mteja wajue kuwa kubebwa si huduma. Mtu mzima hubebwa akiwa mgonjwa au amekufa.

Choo ndicho hutuchosha zaidi. Kwenye ramani ni kikamilifu. Siku ya ukaguzi tunakuta mifagio, ndoo na madumu ya dawa. Choo hicho kinahitaji duara tupu la mita 1.5 kiti kigeuke, mlango wenye uwazi usiopungua milimita 800 ukipimwa ukiwa wazi (si upana wa ubao), na unaofunguka kwa nje. Ukifunguka kwa ndani na mtu akaanguka nyuma yake, hakuna atakayemfikia bila kuvunja. Kikalio kiwe kimo cha milimita 450 hadi 480. Vyuma vya kushikia vifungwe kwenye ukuta wa mawe au zege. Kilichofungwa kwenye ubao wa jipsamu hung'oka siku ya kwanza ya kubeba uzito, na mtu hujeruhiwa akiwa ameamini kitu ulichomwekea. Komeo liwe la kufungika kwa ngumi, kwa kuwa si kila mkono una vidole vinavyokunja. Katika masoko yetu, ambako vyoo vingi ni vya kuchuchumaa, angalau kimoja kwa kila jinsia kiwe cha kukalia. Sinki lisiwe na kabati chini yake, magoti yapate pa kuingia.

Njia za miguu zina mkanganyiko wake. Vigingi vikiwekwa karibu karibu kuzuia bodaboda, kiti cha magurudumu nacho huzuiwa. Vikiachana milimita 900 kiti kinapita, na pikipiki pia inapita. Hakuna upana unaochuja kimoja na kuacha kingine. Kazi ya kuziondoa pikipiki ni ya askari wa kaunti, haiwezi kufanywa na vigingi. Vigae vya kuongoza wasioona navyo vimegeuzwa mapambo: vile vya mistari humaanisha "fuata", vya nukta humaanisha "simama, kuna hatari". Vikipangwa ovyo kwa sababu ya rangi, au mistari ikimwongoza mtu hadi kwenye nguzo ya umeme, afadhali visingewekwa. Mabango na matawi yawe juu ya mita 2.1. Fimbo nyeupe hupima chini. Kitu kilicho kwenye kimo cha uso haikioni.

Hapa niseme jambo ambalo wananchi hulichukulia kuwa ni kukwepa. Nyongeza ya Nne ya Katiba inaipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho, masoko, vituo vya afya vya kaunti na shule za chekechea. Daraja la waenda kwa miguu kwenye barabara kuu ya Thika haliko mikononi mwa kaunti. Tunaweza kuandika barua, na huandika, lakini hatuwezi kutoa notisi. Malalamiko yakija ofisi isiyohusika hulala. Vivyo hivyo katika Mji Mkongwe wa Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa, usivunje baraza wala kizingiti kwa jina la ufikivu kabla ya kusikia kutoka Makavazi ya Kitaifa. Mara nyingi rampu ya mbao ya kuweka na kuondoa hutatua bila kugusa jengo.

Sasa utaratibu. Ombi la ruhusa ya kujenga huletwa kaunti kabla ya kazi yoyote kuanza, ramani zikiwa zimetayarishwa na wataalamu waliosajiliwa. Kaunti huzituma kwa idara na mamlaka husika, nazo zina siku 14 za kutoa maoni. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inampa mwombaji kinga: asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, ruhusa huhesabiwa kuwa imetolewa. Lakini siku hizo hazimfai aliyeleta nusu ya nyaraka, na ruhusa ya kimya haiondoi wajibu wa kufuata Kanuni ya Ujenzi. Ukikataliwa, au ukipewa masharti usiyoyakubali, una siku 14 kukata rufaa kwa Kamati ya Uhusiano ya Mipango ya kaunti, na baada yake kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 ni 14. Barua za kuomba kuongezewa muda "kwa sababu msanifu alisafiri" hatuna uwezo nazo.

Anayeanza kujenga bila ruhusa, akitiwa hatiani, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili. Juu ya hayo huagizwa kurudisha ardhi ilivyokuwa, kwa muda usiozidi siku 90, na asipofanya kaunti yaweza kuifanya kazi hiyo na kumdai gharama. Aliyepata ruhusa akaiacha rampu kwenye karatasi hupewa notisi ya utekelezaji: inataja kosa, hatua za kurekebisha na muda. Naye pia ana siku 14 za rufaa, na Kamati ina siku 30 kuamua. Notisi ikipuuzwa, hilo ni kosa jipya. Faini haifuti rampu. Baada ya kulipa bado utajenga.

"Jengo langu ni la zamani, sheria mpya hainihusu." Hili halina msingi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, ambayo sasa imefutwa na ile ya 2025, iliwapa wenye majengo ya umma miaka 5 kurekebisha, na muda huo ulikwisha zamani. Katiba, Ibara ya 54, inazungumzia kufikia mahali pote, usafiri na habari tangu 2010. Wala usituambie hujawahi kumwona mteja mwenye ulemavu dukani kwako. Asiyeweza kupanda ngazi zako utamwonea wapi? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 918,270 wenye ulemavu wa miaka 5 na zaidi, na huenda hao hawajumuishi kila mzee wa fimbo wala aliyevunjika mguu mwezi uliopita.

Habari pia ni ufikivu, ingawa idara za ujenzi huisahau: kikao cha maoni ya umma kinachofanyika ghorofa ya pili bila mkalimani wa lugha ya ishara kimewafungia watu mlango kama ukuta wowote. Kaunti zenyewe zina makosa hapa, na malalamiko dhidi yetu yapelekwe vivyo hivyo.

Malalamiko yanayofanyiwa kazi haraka ni mafupi. Andika nambari ya kiwanja au jina la jengo na barabara, mlango gani, tarehe na saa uliyozuiwa, na ulitaka huduma gani. Taja kama lengo ni kuingia, kutumia choo au kusoma tangazo, kwa sababu kila moja humwendea mkaguzi tofauti. Peleka nakala moja idara ya mipango ya kaunti, nyingine Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na ubaki na yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ambatisha picha, tepu ya kupimia ikionekana ndani yake: pengo la pima maji, kimo cha kizingiti, uwazi wa mlango. Picha isiyo na tepu inatulazimu kuja kupima upya kabla ya kuandika notisi, na foleni ya ukaguzi ni ndefu.