Kabla ya kununua blenda ya smuthi, igeuze usome kitako chake

Wiki mbili zilizopita mteja mmoja aliniletea karakana blenda iliyokuwa imemhudumia miezi minne tu. Aliinunua kwa ajili ya watoto wake wawili, ambao matunda yaliyokatwa huyaacha kwenye sahani lakini smuthi huinywa mpaka tone la mwisho, na aliichagua miongoni mwa nyingine nyingi kwa sababu boksi lake liliandikwa kwa herufi kubwa kwamba ina wati 4,500. Nilipofungua kitako, harufu ya vanishi iliyoungua ilinifikia kabla sijaondoa skrubu ya mwisho, na koili za mota, ambazo zilipaswa kuwa na rangi ya shaba, zilikuwa nyeusi kama masizi ya sufuria ya kuni. Mama huyo aliniuliza swali ambalo nimeulizwa mara nyingi katika miaka 16 ya kazi hii: "Fundi, mashine yenye nguvu hivyo imeunguaje kwa maembe?"

Nilimwomba tusome pamoja maandishi mengine mawili ambayo hakuwahi kuyaangalia. La kwanza lilikuwa kwenye kibandiko kilichobandikwa chini ya mashine, ambacho kilisema volti 220 hadi 240, hertz 50, wati 350. La pili lilikuwa kwenye ganda la waya wa umeme, ambako palichapwa kwa herufi ndogo sana kwamba kila uzi wa ndani una unene wa milimita 0.75 za mraba. Waya wa unene huo, katika vyombo vya nyumbani, hukusudiwa kubeba hadi ampea 6. Ukizidisha ampea 6 kwa volti 230 unapata wati 1,380, na huo ndio mwisho wa waya ule hata kama mota ingekuwa kubwa kiasi gani. Tena plagi yetu ya pini tatu bapa hubeba ampea 13, yaani wati 2,990 kwa volti 230, ilhali mashine ya wati 4,500 ingehitaji karibu ampea 20. Kwa hiyo namba iliyokuwa kwenye boksi haikuwa imetiwa chumvi tu. Ilikuwa namba ambayo plagi ya mashine hiyo hiyo iliikana. Inaniuma kuona mtu ametoa fedha zake za halali kwa ajili ya afya ya wanawe akauziwa tarakimu.

Ndiyo maana ninayemshauri kuhusu blenda humwambia kwanza aigeuze mashine juu chini palepale dukani. Nguvu inayomfaa mtengenezaji wa smuthi ni ile ambayo mota inaweza kuibeba chini ya mzigo kwa dakika nzima bila kuungua, na habari zake ziko kwenye kitako, kwenye waya na kwenye kiungo kinachoshika visu. Watengenezaji wengine huandika nguvu ya kilele, ambayo ni kiasi ambacho mota hukivuta kwa nukta chache inapoanza au inapokaribia kukwama. Hiyo ni namba ya kweli kwa namna yake, lakini huwezi kusaga nayo. Kwa kulinganisha, Vitamix 5200 ya Marekani, mashine inayoheshimiwa sana na watengenezaji wa smuthi, huvuta ampea 11.5 kwa volti 120, yaani wati 1,380. Ikiwa mashine ya sifa hiyo inafanya kazi yake yote bila kufika wati 1,500, basi anayetangaza wati 4,500 kwa bei ya chini ana jambo la kueleza.

Yafaa pia kueleza kwa nini smuthi inadai nguvu kuliko juisi, kwa sababu wengi hununua mashine ya juisi wakitarajia smuthi. Juisi huchujwa, na chochote kilichoishinda mashine hubaki kwenye kichujio. Smuthi haichujwi. Nyuzi za embe, majani ya spinachi, maganda laini ya tende na mbegu za chia vyote vinabaki ndani ya glasi, na ulimi huvitambua mara moja. Isitoshe, smuthi nzuri huwa nzito na baridi, jambo linalomaanisha ndizi na maembe yaliyogandishwa au vipande vya barafu, na hapo ndipo mota dhaifu hufia. Mota za blenda nyingi ni zile zenye brashi za kaboni, na feni inayozipoza imefungwa kwenye shafti ileile inayozungusha visu. Visu vinapozongwa na embe lililoganda, mota hupunguza mwendo, na kadiri inavyopunguza mwendo ndivyo inavyovuta ampea nyingi zaidi, huku feni nayo ikipuliza upepo kidogo zaidi. Joto linaongezeka wakati uleule ambao upoozaji unapungua. Mota ikikwama kabisa na kidole kikaendelea kubaki kwenye swichi, muda mfupi tu unatosha kuunguza vanishi inayotenganisha nyaya za koili. Mteja wangu alikumbuka vizuri kwamba siku ile mashine "iliguna" kabla ya kunyamaza. Mguno huo ni mota inayoomba iachwe.

Kwa uzoefu wangu, anayesaga papai, parachichi na ndizi mbivu kwa maziwa au mtindi anatosheka na wati 500 hadi 600 za kweli, na hana haja ya kujibana kwa mashine kubwa. Anayetaka matunda yaliyogandishwa, barafu na majani mabichi kila asubuhi aanzie wati 1,000 za kweli. Anayesaga karanga, korosho au tende kavu mpaka zilainike kabisa atafute wati 1,200 hadi 1,500. Kasi nayo ina kazi yake. Kisu chenye upana wa sentimita 8 kikizunguka mara 20,000 kwa dakika, ncha yake hukata kwa mwendo wa takriban kilomita 300 kwa saa, na ndiyo maana mashine kubwa hazihitaji visu vikali kama wembe. Nyingi huwa na visu butu kidogo ambavyo hupasua kwa kishindo. Kasi bila nguvu ya kuihimili, hata hivyo, ni kelele tu.

Baada ya mota, mimi hutazama kiungo kati ya jagi na kitako, kile kigurudumu cha meno ambacho mafundi tunakiita kaplingi. Katika mashine za bei nafuu huwa cha plastiki au mpira, na hulika taratibu mpaka siku moja mota inanguruma huku visu vimetulia. Mwenye mashine hudhani mota imekufa, kumbe kilichokufa ni kipande kidogo sana. Sikatai kaplingi ya mpira, kwa kuwa wakati mwingine huliwa yenyewe ili kuiokoa mota, ila nataka mnunuzi amuulize muuzaji kama vipuri vyake vinapatikana mjini. Ikiwa jibu ni kwamba akiharibikiwa anunue blenda nyingine, aiache palepale. Kwa mashine ya wati 1,000 na kuendelea napendelea kaplingi ya chuma.

Umbo la jagi linastahili kutazamwa kwa makini kuliko rangi yake. Jagi zuri la smuthi huwa jembamba kiasi kwa chini, na kuta zake zina matuta yaliyosimama wima, ili mchanganyiko unaorushwa pembeni ugonge tuta, upande, kisha urudi katikati na kushuka tena kwenye visu. Jagi pana lenye kuta laini huacha mchanganyiko mzito ukizunguka kama gurudumu, na katikati hutokea shimo la hewa ambamo visu vinazunguka bila kugusa kitu. Utalijua shimo hilo kwa sikio: sauti ya mota hupanda ghafla na kuwa nyembamba, ilhali embe limeganda juu halisogei. Watu wengi hapo huongeza kasi, na hilo huzidisha shimo. Dawa ni kuzima, kuongeza kimiminika kidogo, au kusukuma kwa mchi wa plastiki unaouzwa pamoja na mashine, ambao una kola inayouzuia usifike kwenye visu. Mashine yenye mchi wake ni ya kupendelea. Mwiko wa mbao usiutumie hata siku moja wakati visu vinazunguka; nimeshatoa vipande vya mwiko kwenye zaidi ya jagi moja.

Mpangilio wa vitu ndani ya jagi huongeza maisha ya mota kuliko dhamana ya duka. Tangulia kumimina maziwa, maji au mtindi, fuata na majani na matunda laini, kisha weka vilivyoganda juu kabisa. Visu vinaanza vikiwa ndani ya kimiminika, vinapata mwendo, kisha vinavuta vile vigumu kimoja kimoja. Ukianza na barafu chini, unaiwasha mota ikiwa tayari imefungwa miguu. Tende zitolewe kokwa zote, hata zile ambazo muuzaji amesema zimeshatolewa, kwa sababu kokwa moja inaweza kupinda kisu au kuvunja jino la kaplingi. Pasheni nayo isiingie pamoja na matunda mengine katika mashine kubwa: mbegu zake husagika zikaleta uchungu na chenga nyeusi. Mimi huipiga kwa mikupuo miwili mifupi, naichuja, kisha naitumia kama kimiminika cha smuthi badala ya maji.

Kwenye kibandiko cha chini kuna alama nyingine ndogo ambayo wachache huijua: herufi KB zikifuatwa na namba ya dakika. Alama hiyo imetokana na Kijerumani na humaanisha muda ambao mashine inaruhusiwa kufanya kazi mfululizo kabla ya kupumzishwa. Ikiandikwa KB dakika 1, basi ni dakika moja, kisha izimwe ipoe kwa muda ambao kitabu chake kimetaja. Smuthi ya familia ya watu sita huhitaji mizunguko mitatu au minne, kwa hiyo mwenye familia kubwa na mwenye kuuza kibandani wasiipuuze namba hiyo hata kidogo. Mashine bora zina kinga ya joto inayokata umeme mota inapopata moto kupita kiasi, na mwenyewe huogopa akidhani imeungua. Iache ipoe kwa nusu saa au zaidi, na mara nyingi itawaka tena.

Kuhusu jagi lenyewe, la kioo halishiki harufu wala halichubuki, ila ni zito, na kioo cha kawaida hupasuka kikitoka kwenye maji ya moto na kutiwa barafu. Mashine za wati nyingi huja na jagi la plastiki ngumu iitwayo Tritan, isiyo na BPA (kemikali ya baadhi ya plastiki), ambayo hustahimili mtikisiko. Mahali pa kukagua ni mpira wa chini ya visu. Mpira huo ukichoka, maji ya matunda hupenya hadi kwenye beringi, beringi inapata kutu na kuanza kulia, na baadaye yanateremka kwenye mota. Ukiona unyevu juu ya kitako baada ya kusaga, badilisha mpira siku hiyohiyo.

Gharama ya umeme haina haja ya kumtia mtu hofu. Blenda inayovuta wati 1,000 ikifanya kazi dakika moja kila siku, hutumia uniti moja ya LUKU kwa siku 60. Kinachohitaji uangalifu ni umeme ulioshuka nguvu saa za jioni, ambao huifanya mota ipunguze mwendo na kupata joto kama ilivyo inapokwama. Taa zikififia, subiri. Anayetumia sola ahakikishe inveta yake inahimili wati za mashine na ziada ya kutosha kwa ule mvuto wa kuanzia.

Ndugu walio Muscat au Dubai wakituma blenda, kwa kawaida hufanya kazi kwetu bila shida, kwa kuwa volti na plagi zao hufanana na zetu. Ya Marekani ni ya volti 120, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye volti 230 utaiua. Itahitaji transfoma ya kushusha volti yenye uwezo mkubwa kuliko mashine yenyewe, angalau wati 2,000 kwa mashine ya wati 1,380, na transfoma hiyo ni nzito na ya gharama. Mwambie ndugu yako atume fedha.

Mama yule hakutaka niisuke upya mota ya wati 350, nami nilikubaliana naye. Alirudi Jumamosi na mashine nyingine aliyoigeuza mwenyewe dukani mbele ya muuzaji: kibandiko kilisema wati 1,000, KB dakika 2, na waya ulikuwa wa milimita 1.0 za mraba. Tuliimiminia mtindi, tukatia kipande cha tangawizi, ndizi moja, kisha maembe aliyokuja nayo yameganda kwenye mfuko. Sauti ilishuka kidogo embe la kwanza lilipoingia, ikapanda, ikatulia. Nilikuwa nimeshika saa. Zilipita sekunde 50. Alifungua mfuniko, akachota smuthi kidogo kwa kijiko, akaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada akitafuta nyuzi, na hakuzipata.